Baraka: Mafundi wanafukuza zamu wa kompyuta, mwizi anabaki ndani

BARAKA, Fizi – Jioni mambo ni yale yale. Grupu linawashwa, au betri ya plaki imejaa vya kutosha, na mwalimu anafungua kompyuta yake aandike pointi za wanafunzi. Feni inaanza kuvuma. Kishale kinazunguka. Dosie moja inachukua dakika nzima kufunguka. Kesho yake mashine inapelekwa kwa fundi. Fundi anaangalia, anatikisa kichwa na kusema maneno ambayo mji umeyazoea: “Ni antivirusi, inakula mashine.” Anaizima, anapokea pesa yake, na mashine inakimbia kama mpya. Mwalimu anarudi nyumbani akimshukuru.

Hakuna aliyemweleza mwalimu huyo kwamba amelipa pesa ili mlango wa nyumba yake ung’olewe. Ni kweli, mlango ukiondolewa watu wanaingia na kutoka haraka zaidi. Lakini hakuna mwenye nyumba Baraka, awe Mwemba, Mwalenga, au hapa katikati ya mji, ambaye angekubali kazi ya namna hiyo kutoka kwa seremala. Kwa kompyuta inakubaliwa kila siku, na aliyeifanya anaitwa fundi hodari.

Kwanza ijulikane ni kitu gani hasa kinachozimwa. Mwenye kompyuta abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ukurasa wa “Gestionnaire des tâches” utafunguka. Kwenye Windows 10 au 11 atakuta mstari wenye jina “Antimalware Service Executable”. Faili lake linaitwa MsMpEng.exe. Wapo wanaoliogopa kwa sababu ya jina lenyewe, wakidhani ndilo virusi. Sivyo. Hiyo ni Microsoft Defender, antivirusi inayokuja ndani ya Windows bila malipo ya ziada, na makao yake ni kwenye dosie za mfumo, ndani ya “Windows Defender”. Akitaka kuhakikisha, abonyeze mstari huo kwa upande wa kulia wa puku na aombe aonyeshwe mahali faili lilipo. Likiwa limekaa huko, ni lenyewe. Likiwa na jina hilo hilo lakini linaishi kwenye dosie ya vitu vilivyopakuliwa au ndani ya kle, hapo ndipo pa kuogopa.

Zamu huyo ana kazi mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza haikomi: kila faili linapofunguliwa, linaponakiliwa au linapotoka kwenye kle, analitazama kabla ya kuliachia lipite. Kazi hiyo ni ndogo kwa kila faili, na kwa kawaida mashine haiisikii. Ya pili ni ukaguzi: anazunguka ndani ya nyumba chumba kwa chumba. Kuna ukaguzi wa haraka, unaopita sehemu ambazo virusi hupenda kujificha, na kuna ukaguzi kamili unaopitia diski nzima na unaoweza kuchukua saa nyingi. Feni inapovuma na kishale kinapozunguka bila kukoma, mara nyingi ni kazi ya pili inayoendelea, au ni mashine inajaribu kuteremsha mizajuru. Fundi anayezima yote kwa sababu ya kazi ya pili amemfukuza zamu kwa kuwa alifagia uwanja saa ambayo wageni walikuwa wamekaa.

Basi ni kwa nini afagie saa ile? Hapa mafundi wana haki nusu, na haki yao wapewe.

Waliotengeneza Windows walifikiria nyumba ambayo umeme haukatiki. Kazi za matunzo zimepangwa, kama hakuna aliyebadilisha, kuanza saa nane usiku, wakati mwenye mashine amelala na mashine imechomekwa kwenye umeme. Ukaguzi nao umeagizwa usubiri mpaka mashine ikae bila kazi. Huko walikofikiria, mpango huo ni wa akili. Baraka hauna maana. Saa nane usiku kompyuta za Baraka zimezimwa, nyingine zimefungiwa kabatini kwa hofu ya wezi. Zinawashwa kwa saa mbili au tatu, pale ambapo kuna mwanga, na katika saa hizo hizo mwenyewe ana kazi ya haraka. Mashine ikiamka baada ya siku nne inakuta madeni: mizajuru ya siku nne, ukaguzi ulioruka, matunzo yaliyoahirishwa. Yote yanataka kulipwa jioni ile, kwenye diski ya zamani inayozunguka, na memori ya giga 4, kwa sababu kompyuta nyingi za hapa ni za okazioni zilizotumika kwanza mahali pengine.

Kwa hiyo malalamiko ni ya kweli. Mashine inalemewa, betri inashuka, mega zinakwisha. Mama anayeuza uniti hawezi kuambiwa kwamba mega si pesa. Ubishi wa makala haya uko kwenye dawa. Ugonjwa ni wa saa, na dawa yake ni kubadilisha saa. Fundi anamzika mgonjwa.

Na tuangalie kinachoingia baada ya hapo. Baraka haina haja ya intaneti kali ili kupata virusi, kwa kuwa ina kle. Kle ndiyo barabara kuu ya mji huu, inayopitika masika na kiangazi. Mwanafunzi anayemaliza masomo anachapa kazi yake ya mwisho kwenye mashine ya rafiki, anaipeleka kwenye kibanda cha fotokopi, anarudi nayo kwa ajili ya masahihisho, anaipeleka kibanda kingine kwa kuwa cha kwanza kimekosa wino. Katibu wa shule anapeleka orodha za wanafunzi. Katibu wa parokia au wa msikiti anapeleka barua. Vijana wanachukua nyimbo na filamu. Yule wa Mboko anakuja na kle yake, yule wa Sebele anarudi na yake, na zote zimepita kwenye kompyuta moja iliyo juu ya meza moja. Kompyuta hiyo ikiwa haina zamu, kila aliyepita siku ile amebeba mzigo ambao hakuununua.

Wakaaji wanaujua mzigo huo kwa sura. Mtu anachomeka kle, dosie zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato, zile zinazoitwa rakursi, zenye mshale mdogo pembeni. Anabonyeza, dosie inafunguka, anafurahi kwamba hakuna kilichopotea. Kumbe kubonyeza kule ndiko kulikokuwa kunasubiriwa. Ile rakursi inawasha virusi kwanza, halafu inafungua dosie ya kweli ili mwenye mali asishtuke. Vitu vyake vipo, ila vimefichwa.

Kinachofuata ni aibu ya mji. Kle inapelekwa kwa fundi, fundi anasema imekufa, “anaiformati”, na kazi ya mwaka mzima inafutwa kwa mkono wa mtu aliyelipwa kuiokoa. Kuna wanafunzi wanaoandika upya kurasa sitini kwa sababu hiyo, na kuna shule zinazotafuta tena pointi za muhula kwenye madaftari ya walimu. Yote bila lazima. Kwanza virusi viondolewe na antivirusi iliyo hai kwenye mashine safi. Halafu kwenye dirisha jeusi la amri, ambalo mtu analipata kwa kuandika cmd, uandikwe mstari huu, F ikiwa ni herufi ya kle:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Vitu vilivyofichwa vinarudi kuonekana. Rakursi za uongo zinafutwa kwa mkono. Ni kazi ya dakika chache, haihitaji intaneti, na fundi asiyeujua mstari huo asijiite fundi wa kompyuta mbele ya watoto wa watu.

Tena isidhaniwe kwamba virusi vya kle ni mchezo wa kuficha dosie tu. Jamii moja ya virusi vya namna hii, inayoitwa Jenxcus, ilienea kwa rakursi za kle na ilimwezesha mtu aliye mbali kuitawala mashine iliyoambukizwa. Mwenzake, Bladabindi, aliweza kuandika kila herufi inayopigwa kwenye kibodi. Mwaka 2014 Microsoft ilienda mahakamani Marekani ili kuvunja mitandao ya hivyo viwili. Kila herufi inayopigwa maana yake ni pamoja na neno la siri la barua pepe ya shirika, majina ya waliopokea msaada, ushuhuda wa mama aliyetendewa ukatili na ukaandikwa na mtu wa haki za binadamu kwa ahadi kwamba hautatoka. Katika territoire ambamo watu wamekimbia makwao mara nyingi hivi, ambamo wakimbizi wa Burundi wa Lusenda wamehifadhi nakala za hati zao ndani ya simu na kle, karatasi si karatasi tu. Anayezima antivirusi kwenye kompyuta ya ofisi kama hiyo ili feni inyamaze afikirie majina yaliyomo.

Baadhi ya mafundi wanajibu: “Hata tukiizima, Windows inaiwasha yenyewe.” Ni kweli kwa kiasi. Mtu akizima ulinzi kwa kitufe cha kawaida, baada ya muda mfumo unaurudisha. Ndiyo sababu wenye haraka wanakwenda mbali zaidi, na hapo ndipo mwenye mashine anapaswa kufungua macho. Afungue “Sécurité Windows”, aingie “Protection contre les virus et menaces”, aende “Gérer les paramètres”. Humo kuna kitufe cha “Protection contre les falsifications”. Kazi yake ni kuzuia programu nyingine isimnyang’anye zamu funguo. Kikiwa kimezimwa na yeye hakukizima, kuna mtu alipita. Ateremke hadi “Exclusions”, yaani orodha ya mahali ambapo zamu ameambiwa asitazame. Kwa mtu wa kawaida orodha hiyo ni tupu. Akikuta humo pameandikwa C:\ peke yake, ajue kwamba zamu wake bado yupo, bado anakula memori, anaonekana kwenye orodha ya wanaofanya kazi, lakini ameamriwa afumbe macho kwa nyumba nzima. Huo ni ujanja mbaya kuliko kumfukuza, kwa kuwa mwenye nyumba anamwona mlangoni na analala usingizi.

Sababu ya kufanya hivyo mara nyingi haina uhusiano na kasi. Fundi ameweka Windows au Office ya wizi, na kifaa cha kuvunja kufuli kinakataliwa na antivirusi. Kwenye maelekezo ya vifaa hivyo sharti la kwanza huwa ni lile lile: zima antivirusi kwanza. Ni ajabu jinsi watu wanavyolitii sharti hilo bila kuuliza. Kimoja kinachojulikana sana kinaitwa KMSPico, na mwaka 2021 watafiti wa usalama wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi nakala zake bandia zilivyokuwa zikipandikiza CryptBot, kidudu kinachoiba maneno ya siri na pesa za kidijitali. Mtu anatafuta kuokoa bei ya leseni. Bei hiyo ni kubwa kwa mshahara wa mwalimu wa Fizi, hakuna anayebisha. Lakini njia ya halali ipo: LibreOffice haina bei, inaandika barua, inatengeneza majedwali ya pointi, inafungua mafaili ya Word. Vibanda vingapi vya Baraka vimewahi kumwambia mteja hivyo?

Kuna na kundi la upande wa pili, wale wanaoweka antivirusi mbili au tatu kwa imani kwamba zamu wengi ndio usalama mwingi. Kila msafiri wa barabara ya Uvira anajua matunda ya bariera mbili kwenye daraja moja. Programu mbili zinazotaka kulitazama faili moja kwa wakati mmoja zinagombana, kila moja inamsubiri mwenzake, na pengine moja inaona vifaa vya mwenzake kuwa ndio virusi. Antivirusi nyingine ikiwekwa vizuri, Defender yenyewe husogea pembeni. Shida inakuja pale ambapo hiyo nyingine ni ya majaribio iliyokuja na mashine tangu dukani na muda wake umekwisha. Inaweza kubaki imekaa mlangoni, haijui virusi vya mwaka huu, ikionyesha matangazo ya kuomba dola. Dawa ni kuiondoa kabisa, kuzima na kuwasha mashine, na kuhakikisha Defender imerudi kazini.

Na zile za bure nazo zisiaminiwe kwa jina tu. Avast, inayopendwa sana kwenye mashine za hapa, ilikuwa na kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot, ambayo iliuza habari za kurasa walizotembelea watumiaji. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa jambo hilo. Hakuna aliyesema Avast haikamati virusi. Lakini mtu anayeondoa antivirusi iliyokuja ndani ya Windows ili aweke nyingine ya bure aulizwe anapata nini zaidi. Smadav ya Indonesia, ambayo mafundi wengi wanaibeba kwa ajili ya kle, yenyewe ilitengenezwa kama msaidizi wa antivirusi kuu; kuiweka badala ya Defender ni kumpa msaidizi kazi ya bwana wake.

Sasa dawa yenyewe ya saa. Baraka ina kitu ambacho waliopanga saa nane usiku hawakukifikiria: jua la saa sita mchana. Kwa nyumba inayoishi kwa plaki, saa sita hadi saa nane mchana ndipo moto unapokuwa mwingi, na siku nyingi betri imeshajaa au inakaribia. Umeme unaobaki hapo haurudi jioni, umepotea. Mwenye kompyuta achague siku moja ya juma, Jumamosi au Jumapili baada ya sala, achomeke mashine saa sita, afungue “Sécurité Windows” na kubonyeza “Analyse rapide”, halafu aende kula ugali na dagaa wake. Akirudi imekwisha. Ukaguzi kamili ufanywe mara moja moja, siku yenye jua zuri, au pale ambapo kuna shaka. Asiyetaka kukumbuka anaweza kuiandikia mashine siku na saa ndani ya “Planificateur de tâches”. Jioni inabaki ya kazi.

Kama ukaguzi bado unakaba mashine dhaifu, kuna mstari mwingine. Defender imeagizwa, wakati wa ukaguzi uliopangwa, isizidishe kwa wastani nusu ya nguvu za prosesa. Nusu ya prosesa ya zamani ni nyingi. Fundi anaweza kufungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Nusu inashuka kuwa sehemu moja ya tano. Ukaguzi utachukua muda mrefu zaidi, na mashine itapumua. Kazi hii ni ya dakika mbili, na fundi anastahili kulipwa kwa kuijua. Alipwe kwa hilo.

Linabaki suala la mega, ambalo ndilo linalowauma watu zaidi. Windows ina sehemu ya kuonyesha kwamba intaneti inayotumika ni ya kulipia kwa kipimo. Kwa Kifaransa inaitwa “Connexion limitée”. Simu inapogawa intaneti kwa kompyuta, kitufe hicho kikiwashwa, Windows inaahirisha mizajuru yake mikubwa. Hapo mega zinapona. Ila zamu naye anaweza kubaki nyuma, kwa hiyo mwenyewe akumbuke kubonyeza kwa mkono, angalau mara moja kwa juma, sehemu ya kutafuta mizajuru ya ulinzi. Anayefanya hivyo mara kwa mara anateremsha vipande vidogo. Aliyekaa miezi mitatu akijisifu kwamba ameokoa mega ndiye siku moja analazimika kuteremsha furushi zima.

Na furushi hilo zima, hapa kuna jambo ambalo lingeweza kufanywa tangu zamani kama wenye vibanda wangetaka. Microsoft inalitoa kama faili moja, mpam-fe.exe, lenye uzito wa zaidi ya megabaiti 100. Faili hilo likishateremshwa linaweza kubebwa kwa kle na kuwekwa kwenye kompyuta isiyo na intaneti kabisa. Linabonyezwa mara mbili na zamu anapata majina ya wezi wapya. Likiwa limeteremshwa mara moja Baraka, linaweza kutumika kwenye kompyuta ishirini za shule, za zahanati, za majirani, bila mega hata moja kuongezwa. Yapo ya aina mbili kuu, la mashine za biti 64 na la biti 32, basi yabebwe yote mawili. Watu wa Fizi wanajua kuchangia mtumbwi wa kwenda Kigoma. Hawashindwi kuchangia faili moja kwa juma. Tahadhari moja tu: faili lililopita mikono mingi liangaliwe kabla ya kubonyezwa. Kuna virusi kama Sality ambavyo vinajishikiza kwenye mafaili ya .exe yenyewe. Kwenye “Propriétés” za faili kuna ukurasa wa “Signatures numériques”, na humo jina la Microsoft lazima liwepo na sahihi iwe nzima. Lisipokuwepo, lifutwe.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye mashine mpya. Kwa sehemu ni kweli. Windows 7, ambayo bado inaonekana kwenye meza za hapa, iliachwa na Microsoft tangu Januari 2020, na hakuna mpango wa saa utakaoifanya iwe salama. Mashine hiyo ibaki ya kuandikia, isichomekwe kle za watu. Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender yake majina ya virusi hadi Oktoba 2028. Kwa mashine iliyochoka kabisa, Linux ipo, nyepesi na ya bure, na virusi vya rakursi vya Windows haviendi humo. Fundi anayetaka kazi ya kudumu ajifunze kuiweka.

Wengine watasema hata walinzi wenyewe wanaanguka. Nalo ni kweli: tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikakwama. Programu ya ulinzi inakaa ndani kabisa ya mashine, na ikikosea inakosea kwa nguvu. Waliopatwa siku ile walirekebisha sasisho na kuendelea. Hakuna uwanja wa ndege uliotangaza kwamba kuanzia sasa utafanya kazi bila ulinzi.

Wa kwanza kudaiwa ni wenye vibanda vya fotokopi. Fundi anaharibu mashine moja kwa siku. Kibanda kinaambukiza foleni nzima, na kinalipwa kwa kila ukurasa. Mwenye kibanda hana budi kuwa na antivirusi iliyo hai, na kuisasisha kabla ya kufungua mlango asubuhi, kama muuza dawa anavyoangalia tarehe kwenye sanduku. Mairie inatoza vibanda hivyo kodi. Ingekuwa halali, siku ya kutoza, iombe pia kuonyeshwa skrini.

Na wateja wasisubiri mairie. Kwenye “Sécurité Windows”, chini ya ulinzi wa virusi, imeandikwa tarehe na saa ya mizajuru ya mwisho. Mwanafunzi mwenye kazi yake ya mwaka mzima mfukoni ana haki, kabla ya kutoa kle, ya kumwambia mwenye kibanda: “Kaka, geuza ekra kidogo, nione tarehe.” Ikiwa ni ya juma hili, achapishe. Ikiwa ni ya mwaka jana, kibanda kinachofuata kiko hatua ishirini mbele, ng’ambo ya barabara.